Mbao za Fundi Kesho

Hakuna mtu kijijini aliyemwita seremala kwa jina lake. Wote walimwita Fundi Kesho. Ukimwuliza kitanda chako, atakuambia kesho. Ukimwuliza meza, kesho. Hata choo cha mke wake kilikuwa na pazia, kwa sababu mlango wenyewe ulikuwa wa kesho.

Lakini kazi yake ilikuwa safi, na yeye alikuwa mtu wa watu. Karakana yake ilishikana na nyumba. Mlango mmoja tu ndio uliotenganisha misumeno na sebule. Mbao zilizokosa nafasi ndani alizipanga nje, kwenye njia ya kuingilia mtaani. Mwenye baiskeli alilazimika kushuka na kuisukuma.

Katika chumba cha nyuma alilala mama yake mzazi. Tangu avunjike nyonga, hakuweza kutembea. Kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha, na habari zote za mtaa zilimfikia yeye kwanza.

"Mwanangu, hizo mbao utaziondoa lini?"

"Kesho, mama."

"Kesho ileile ya mwaka jana?"

Mke wa fundi alicheka kule jikoni. Fundi naye akacheka, na mambo yakaishia hapo.

Siku moja mchana, nyumba ya jirani yao mshonaji ilishika moto. Kaa la pasi liliangukia vitambaa. Watu walikuja mbio. Kila mmoja alibeba ndoo yake, akachota peke yake, akamwaga peke yake. Waligongana kisimani, maji yakaishia miguuni. Wengine walifungua milango na madirisha yote ili kuokoa makochi. Upepo ukaingia, na moto ukapanda hadi darini.

Gari la zimamoto lilitoka mjini, mbali sana. Lilipofika njia panda, dereva hakujua ashike ipi. Lilipoingia mtaani, lilikwama kwenye mbao za Fundi Kesho. Askari walishuka wakavuta mpira kwa mikono. Kufika, paa lilikuwa limeshaanguka.

Mshonaji alikaa chini akalia. Hakuumia, lakini cherehani yake ilikuwa chuma cheusi.

"Mmekuja kuzima majivu?" msaga unga, mwenye mashine ya kusaga ya kijiji, aliwafokea askari.

Mkuu wa kikosi alikuwa mwanamke, koplo mwenye sauti ya upole. Hakukasirika.

"Una haki ya kusema hivyo, kaka," alisema. "Kituo kiko mbali. Tumeomba kituo kingine huku, na tutaendelea kuomba. Lakini moto hausubiri barua ijibiwe. Nipeni nafasi nirudi, tuzungumze."

Na kweli alirudi. Alikuja na gari lililovuta pampu ndogo yenye magurudumu mawili na mipira yake. Watu walikusanyika kwenye mashine ya kusaga, karibu na dirisha la mama wa fundi.

"Kituo kizima sina," alisema koplo. "Pampu hii itakaa hapa kwenu. Nataka watu wa kujitolea, wanaoshinda kijijini. Nitawafundisha. Ninyi mtaanza kazi, sisi tutaimalizia."

"Afande," aliuliza mke wa fundi, "kosa letu siku ile lilikuwa nini? Mbona tulikimbia wote?"

"Mlikimbia wote, ndiyo. Lakini hakuna aliyebaki njia panda kutuonyesha njia. Na mlifungua milango. Moto unakula hewa, dada. Ukiufungulia mlango, umeuandalia meza. Toeni watu kwanza, kisha fungeni mlango. Asirudi mtu ndani kwa ajili ya kitu, hata kiwe cha thamani gani."

"Na maji je?"

"Pangeni mstari. Ndoo ndiyo itembee, watu wasimame."

Walikubaliana pia juu ya kengele. Rimu ya gurudumu la lori ilitundikwa nje ya mashine. Ikigongwa, mmoja apige simu zimamoto, mwingine akimbilie njia panda, wengine wavute pampu.

"Sasa tufanye jaribio," alisema koplo. "Nani atakuwa mgonjwa wa kuokolewa?"

"Mimi!" ilisikika sauti kutoka dirishani. Alikuwa mama wa fundi. "Mimi sina haja ya kuigiza."

Watu wanne walimlaza kwenye blanketi, kila mmoja akashika pembe.

"Polepole, mimi si gunia la mahindi!" alilalamika, na watu wakacheka.

Walitoka naye mlangoni vizuri. Walipofika kwenye mbao, wanne hawakuweza kupita sambamba. Walijipindua huku na huku. Msaga unga akateleza, blanketi likainama, na bibi nusura aanguke. Kicheko kilikatika.

"Mwanangu," mama alisema polepole, "kumbe kitandani nitaokolewa. Nitakuja kuungulia hapa, kwenye mbao zako."

Fundi alimtazama mama yake aliyening'inia kwenye blanketi. Hakusema kesho. Aliinama, akabeba ubao wa kwanza. Kabla jua halijazama, njia ilikuwa wazi, na mbao zote zilipangwa nyuma ya mashine ya kusaga.

Mazoezi yaliendelea, na watu wakazoea.

Kisha zamu ya Fundi Kesho ikafika. Alikuwa uani akipima dirisha. Ndani ya karakana, kaa liliruka kutoka kwenye jiko la kuchemshia gundi, likaangukia maranda makavu. Mkewe ndiye aliyenusa moshi.

"Moto! Karakana inaungua!"

Fundi alikimbilia mlango wa sebuleni. Aliona ndimi za moto chini ya meza ya kazi. Juu yake kulikuwa na randa ya marehemu baba yake. Hatua chache tu angeifikia.

"Funga mlango!" mkewe alipiga kelele. "Mama yuko ndani!"

Fundi aliitazama randa. Kisha akauvuta mlango, akaufunga.

Rimu ililia. Mshonaji alikuwa wa kwanza kufika, yeye aliyeunguliwa na kila kitu. Alishika pembe ya blanketi. Mama alitolewa, akapita njiani moja kwa moja, bila kuinamishwa. Pampu ilianza kunguruma. Mstari wa ndoo ulijaza pipa la pampu, na mpira ukalowesha ukuta na mlango uliofungwa. Gari la zimamoto lilipofika, mtu alikuwa akilipungia kitambaa njia panda. Liliingia mtaani hadi mlangoni, likamaliza kazi.

Karakana iliungua, pamoja na randa ya baba. Nyumba ilisimama.

Fundi alichuchumaa karibu na mama yake. "Randa ya baba imekwenda," alisema, machozi yakimtoka.

"Baba yako asingekusamehe kama ungeifuata," mama alijibu. "Acha iende. Leo wamenibeba vizuri, lakini blanketi linaniumiza mgongo."

"Nitakutengenezea machela, mama. Ya kikosi kizima."

"Lini?"

Fundi aliazima msumeno, akachagua mbao kati ya zile zilizopona nyuma ya mashine. Mshonaji alimkatia turubai. Jioni ileile mama alilazwa juu ya machela mpya, mbele ya mtaa mzima. Alijigeuza kulia, akajigeuza kushoto, akaigonga kwa kidole.

"Imara," alisema. "Sasa nenda kautengeneze mlango wa choo cha mke wako."

Fundi alikuwa ameshauchukua msumeno.