Jiwe la Trekta ya Josiah

Mniwie radhi kabla sijaanza. Hadithi za kutisha nazisimulia kama mtu anayechinja kuku kwa kijiko. Mimi ni MC wa harusi na matanga. Watu wasipocheka kufikia sentensi ya tatu, jasho hunitoka. Hiyo ilikuwa ya nne. Haya, tuendelee.

Jumanne moja ya Februari, saa nane mchana, nilikuwa nimekaa juu ya kreti ya soda huko Nyansiongo, nikiosha pistoni kwenye beseni la dizeli. Trekta ilikuwa ya marehemu kaka yangu, Josiah. Kwa miaka miwili ililala chini ya turubai, kuku wakitagia kwenye kiti cha dereva. Mjane wake, Nyakerario, alitaka ifufuliwe ilime kabla ya mvua. Fundi alikuwa Hafiz, kutoka Kisii mjini, mtu mpole ambaye pia huosha maiti msikitini kwao.

"Kazi ni ile ile, fundi," nilimwambia, "ila hizi hazina jamaa wa kulia."

Hakucheka. Alinipa brashi ya waya.

Masizi yalikuwa yameganda kama ukoko wa sufuria. Dizeli ilikuwa baridi, vidole vikafa ganzi. Sikujali. Tangu tumzike Josiah, mimi mzima niko hivyo.

Lazima mjue alivyokufa. Breki za trekta hiyo zilikuwa za mapambo tu, hivyo ilizuiliwa kwa jiwe chini ya gurudumu la nyuma. Siku hiyo gea ilikwama mteremkoni. Josiah akaingia chini na nyundo, akapaza sauti, "Jiwe mmeweka?" Akajibiwa na sauti ya mkewe, "Nimeweka." Akaigonga gea, ikaachia. Trekta ikateremka.

Kabla hajakata roho alimwambia kila aliyemwinamia: Nyakerario alisema ameweka. Nyakerario anasema alikuwa mtoni akichota maji. Boma letu likamwamini marehemu. Tangu mazishi hakuna anayeonja chakula chake, na wazee walikuwa wameshapanga kikao cha kuamua kama atabaki pale nyumbani.

"MC, shika hapa," Hafiz aliniita. Alikuwa anafungua sampu, lile karai la oili chini ya injini. Boliti zilikuwa zimeshikana kwa kutu ya miaka mingi. Ikashuka, nzito kupita kiasi.

Ndani, kwenye oili nyeusi, kulikuwa na jiwe.

Lilikuwa kubwa kama ugali wa watu wawili. Hafiz alilipima kwenye kila tundu la injini. Halikupita popote.

Nyakerario alikuja na chai. Akalitazama.

"Ndilo la gurudumu," alisema. "Ona alama za panga, hapo nilikuwa nanolea. Nililitafuta baada ya ajali, sikuliona."

"Mawe hufanana, shemeji."

"Siku hizi najisikia usingizini nikisema nimeweka. Labda nilisema, shem."

Hafiz aliliosha jiwe, akaliweka juu ya gunia. Likatoa oili. Akaliosha tena. Likatoa oili tena.

"Nimeosha wengi," alinong'ona. "Hili halitaki dizeli."

Ukungu ulikuwa umeshuka. Kuku wakanyamaza.

Chini ya trekta, nyundo iligonga chuma. Mara mbili.

"Jiwe mmeweka?"

Josiah.

"Nimeweka."

Sauti ya Nyakerario, na ule mkwaruzo wake mwishoni. Lakini Nyakerario alikuwa na kikombe mdomoni.

Hafiz hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

Mdomo wangu ulikuwa wazi.

Kuiga sauti ndiyo kazi yangu. Siku ile nilikuwa nyuma ya jiko, nikamjibu Josiah kwa sauti ya mkewe, nikaona ni mzaha mdogo. Nilidhani jiwe lipo.

Nyakerario aliweka kikombe chini. Hakulia. Alinisogezea beseni.

"Maliza kuosha," alisema.

Trekta sasa inanguruma vizuri. Hafiz aliimaliza, akarudi mjini, na simu zangu hashiki. Jiwe nililitupa mtoni mwenyewe. Asubuhi nililikuta mlangoni kwangu, limelowa oili.

Nikaenda nalo kwenye kikao. Nilisimama nikaungama yote, na ili waamini, nikawatolea ile sauti. Nilipofika "Nimeweka," boma zima likaangua kicheko. Mzee Cleophas alifuta machozi.

"MC, hebu rudia hapo!"

Nikarudia. Wakapiga makofi. Kisha wakampa Nyakerario siku saba aondoke.

Jiwe liko chini ya kitanda changu. Nalifuta kila asubuhi, na kila asubuhi shuka ina alama za vidole vya oili, upande nisiolalia.

Niliwaambia mapema kwamba nasimulia vibaya. Sauti ya Nyakerario niliiweza mpaka mumewe akaamini. Sauti ya mtu mkweli ndiyo inayonishinda.