Oili Isiyofika Gia ya Tano

Kila Jumamosi, kabla kahawa ya babu yake haijapoa, Lorna Hruska alikuwa amekwisha kuvaa ovaroli na kuvuka ua wenye theluji hadi bandani. Humo ndimo ilimolala pikapu ya kijani ya Babu Verlin, gari lililomzidi umri hata mama yake Lorna. Pale Tolbert, jimboni Nebraska huko Marekani, watu waliitambua kwa sauti. "Verlin huyo anakuja," walisema kabla hajakata kona.

Sauti hiyo ndiyo iliyokuwa taabu. Pikapu ilikuwa na gia tatu tu. Kwa safari za mashambani zilitosha, lakini kwenye barabara kuu injini ilipiga mayowe kana kwamba inachinjwa. Na sasa Mama aliihitaji barabara kuu. Gari lake dogo lilikuwa limekufa wakati wa Krismasi, naye alikuwa amepata nafasi ya kusomea uuguzi jioni, katika mji wa Grand Island. Masomo yangeanza Jumatatu moja ya Januari. Basi Babu akapata giaboksi yenye gia tano kutoka kwenye gari lililokongoroka, akaisafisha, na yeye na Lorna wakaanza kuifunga mahali pa ile ya zamani.

"Hii ya tano ndiyo gia ya safari," Babu alimweleza akiwa amelala chali chini ya gari. "Magurudumu yanakimbia, injini inapumua polepole. Mama yako ataweza hata kufungua redio akaisikia."

"Asikie nyimbo zako za kizamani?"

"Asikie nyimbo zenye maana. Lete spana, punguza mdomo."

Jumamosi ya mwisho kabla ya masomo, giaboksi ilikuwa imekaa, klachi inashika vizuri, propela ya kupeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma imefungwa. Ilibaki oili tu. Lakini bega la Babu lilikuwa limeanza kumuuma kwa baridi.

"Naenda kulikanda kwa maji ya moto," alisema akijikokota kutoka chini ya gari. "Wewe tia oili. Lipashe kopo motoni kwanza, baridi hii inaigandisha. Kisha pampu, pampu, mpaka tundu hili la ubavuni mwa giaboksi liteme oili lenyewe. Halijatema, hujamaliza. Umenisikia?"

"Nimekusikia, Babu."

Babu alipotoka tu, mlango ukafunguliwa tena. Alikuwa Brenna, jirani na rika lake Lorna, mashavu mekundu, anaburura kigari cha kutelezea theluji.

"Bado uko huku? Wenzako wote wako kilimani! Jua likipanda theluji inakuwa uji."

"Nina kazi kidogo."

"Wewe mtoto au fundi wa kukodi? Haya, kaa na mafuta yako. Utanuka hivyo mpaka siku ya harusi yako."

Lorna akaingia chini ya gari haraka. Kopo hakulipasha moto. Lilikuwa limelala karibu na mlango, na oili yake ilikuwa nzito kuliko asali. Kila alipoivuta pampu, mkono ulimuuma hadi kwapani. Alipampu, akapumzika, akapampu tena. Tundu lilibaki kavu. Kwa nje alimsikia Brenna, ambaye bado alikuwa akimngoja, akihesabu kwa sauti, kama refa anayetaka kumaliza mchezo.

Ndipo Lorna alipofanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alichovya kidole kwenye kopo, akapaka oili kuzunguka tundu, akaiacha ichuruzike kidogo. Kisha akafunga kifuniko kwa spana.

Babu akarudi, akainama, akamulika kwa tochi. "Limetema?"

"Limetema, Babu."

"Halafu watu wanasema watoto wa siku hizi hawajui kazi! Nenda kacheze, mjukuu wangu. Umestahili."

Neno hilo la mwisho lilimfuata Lorna hadi kilimani. Aliteleza, akacheka kwa sauti kubwa kuliko wote, lakini kicheko hakikufika tumboni.

Jumapili wakaenda kanisani kwa pikapu. Barabara za mtaa zilikuwa na barafu, hivyo Babu hakupita gia ya tatu, na kila kitu kilikwenda laini. Baada ya ibada, watu wakila chili, ule mchuzi mzito wa nyama na maharage, na mikate ya mdalasini, Babu alimshika Lorna bega mbele ya wote.

"Huyu ndiye fundi wangu. Mimi ni mpiga domo tu."

Watu walicheka na kumpigia makofi. Lorna alitazama bakuli lake. Njiani kurudi, akiwa amebanwa katikati ya Babu na Mama, alitaka kusema ukweli. Mama akamwahi.

"Unajua nilitaka kuyaacha haya masomo? Nilijiambia, Denise, huna gari, una mtoto, tulia nyumbani. Nyinyi wawili mmenipa miguu."

Lorna akakaza macho barabarani.

Jumatatu, basi la shule lilipomshusha, Mama alikuwa tayari kwenye usukani, kitabu kipya kando yake.

"Supu iko jikoni," alisema kupitia dirishani.

"Mama..."

"Nini, mpenzi?"

"Endesha polepole."

Mama akacheka, akambusu, akaondoka. Lorna alisimama langoni akisikiliza. Gia ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Kule mbali, barabara kuu inapoanzia, sauti ya injini ikashuka tena, kisha tena, ikafifia. Ilikuwa imefika ya tano.

Hapo miguu ya Lorna ikakimbia yenyewe hadi jikoni, ambako Babu alikuwa akimenya viazi.

"Babu, tundu halikutema! Nilidanganya. Nilipaka kwa kidole."

Kisu kikatua mezani. Babu hakumgombeza. Alipiga simu, Mama hakupokea, maana hakuwa mtu wa kupokea simu akiendesha. Babu akavaa koti, vifungo vikienda upande, wakakimbilia kwa jirani yao, Bi Arlene, kuazima gari.

Njiani, mashamba meupe yakipita pande zote, Lorna aliuliza kwa sauti ndogo, "Itakuwaje?"

"Gia ya tano inakaa nyuma kabisa. Oili ikipungua, hiyo ndiyo inayokosa kwanza. Itakauka, itaungua, halafu itashikana. Ikishikana, magurudumu ya nyuma yanagoma kuzunguka. Na juu ya barafu..." Lorna alikuwa hajapata kumwona babu yake akishika usukani kwa nguvu namna ile.

Waliikuta pikapu karibu na maghala ya nafaka, imeegeshwa kando, taa zinawaka na kuzimika. Mama alisimama ng'ambo ya uzio wa barabara, amejikunyata, malori yakimpita kwa kishindo.

"Ilianza kulia kama mbwa," alisema. "Kisha ikanuka. Nikakumbuka ulivyonifundisha, Baba: gari likilalamika, usibishane nalo."

Babu alimkumbatia. Akamgeukia Lorna, akangoja.

"Ni mimi, Mama," Lorna alisema. "Sikujaza oili. Nilitaka kwenda kucheza."

Mama akamgeukia. "Na leo ulinitazama nikiondoka," alisema taratibu. "Ukijua."

Lorna alilia mpaka nyumbani, wala hakuna aliyemwambia anyamaze.

Pikapu ikavutwa hadi bandani. Walipoifungua giaboksi, gia ya tano ilikuwa imebadilika rangi kwa kuungua, ikawa ya buluu. Mwalimu wa Mama alimruhusu aanze wiki iliyofuata, na Bi Arlene akakubali kumwazima gari lake. Kila asubuhi Lorna alimfagilia Bi Arlene theluji mlangoni kabla ya kupanda basi la shule. Brenna na kigari chake walipita mara nyingi. Lorna alikuwa chini ya pikapu, akifungua bolti zile zile alizozifunga mwanzo, mpaka mwezi wa pili ulipokaribia kwisha na gia nyingine ikakaa mahali pake.

"Nami nina kosa langu," Babu alikiri siku walipomaliza. "Niliona unyevu nikaridhika. Ningefungua kifuniko nikaingiza kidole tu, ningejua."

Jioni moja Mama alirudi kwa pikapu kutoka darasani, ametulia, redio bado inaimba. Alikaa mezani karibu na Lorna.

"Sikukasirishwa na kuchoka kwako," alisema. "Mimi nachoka kila siku. Lakini neno 'bado' halijapata kumuua mtu, mwanangu. Ungesema 'Babu, bado,' angekusaidia, nawe ungekosa mchezo wa asubuhi moja. Ulisema 'tayari,' ukakaribia kunikosa mimi. Kazi isiyokwisha humaliziwa. Kazi uliyodanganya kuwa imekwisha, nani atairudia?"

Lorna aliinamisha kichwa. Mama akalivuta daftari la mwanawe.

"Hesabu za kesho umemaliza?"

Lorna akafungua mdomo, akasita.

"Bado, Mama."

"Vizuri," Mama alisema, akisogeza kiti. "Tuanzie pale ulipokwama."