Barua Ndani ya Mchele

Hawa aliamka saa kumi na moja alfajiri kila siku ya kazi. Alisali, akachemsha chai, akamwekea mumewe Kadiri ya kwake kwenye chupa, kisha akashuka ghorofa nne kwa miguu. Jengo lao la Evere, jijini Brussels, lilikuwa na lifti, lakini lifti hiyo ilifanya kazi ilipopenda. Chini alisubiri basi la kwenda Jette. Huko alikuwa akisafisha katika nyumba ya kutunzia wazee.

Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka tisa. Yeye na Kadiri walitoka Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, wakati wa vita. Binti yao Sumaya sasa alikuwa ameolewa Antwerpen. Hawa alijua kusafisha hadi wazee wakamsifu. Kusoma ndiko kulikomshinda. Kifaransa alikizungumza vizuri, hata akakitumia kutania. Kikiandikwa tu, kilimtoroka. Kazini hakuna aliyejua siri hiyo, kwa sababu Hawa alizitambua chupa zake kwa rangi ya vifuniko. Buluu ni sabuni ya sakafu. Kijani ni ya vioo. Nyeupe ni javel, ile dawa kali ya kuua vijidudu.

Alikuwa pia na desturi yake. Kwao Buyenzi hakuna kilichotupwa. Mama yake alikuwa akiviloweka vipande vya sabuni vilivyobaki, akavifinyanga kuwa kipande kimoja. Basi Hawa naye, kila Alhamisi, aliyakusanya mabaki ya sabuni zote akayamimina kwenye chupa moja kubwa. Choo kikigoma kutakata, alimwaga javel kwanza, halafu akaongeza kidogo kutoka kwenye chupa ile. Wenzake waliipenda, wakaiita "dawa ya Hawa". Numbi, mwenzake aliyefanya kazi Jumamosi na Jumapili, hakuanza vyoo bila hiyo.

Jumatatu moja ya mwaka 2011, mkuu wao wa kazi, Madame Lucienne, aliwagawia barua.

"Ni ya formation," alisema, yaani mafunzo. "Asubuhi sita, hapa hapa kazini. Siku ya mwisho kuna mtihani."

Hawa alisikia neno moja tu, la mwisho.

Alipokuwa na miaka minane, baba yake alifanya kazi katika kiwanda cha nguo. Siku moja yalisomwa majina ya watu ishirini. Waliambiwa watajifunza mashine mpya. Kwanza wakapewa karatasi za kujaza. Wasiojua kusoma walirudi nyumbani siku hiyo hiyo. Baba alifika mchana, koti lake la kazi ameliweka ndani ya mfuko, akaketi uani. Tangu siku ile, Hawa aliogopa karatasi kuliko alivyoogopa nyoka.

Hakuionyesha barua kwa mtu yeyote. Aliikunja, akaizika ndani ya gunia la mchele jikoni. Hapo ndipo mahali salama kuliko pote nyumbani, kwa sababu mkono wa Kadiri haukuwahi kufika humo. Akaamua kwamba siku ya formation itakapofika, atasema anaumwa. Na siku ya pili pia ataumwa. Zaidi ya hapo hakuwa na mpango.

Hofu ilimfanya asione mambo mengine. Wiki ile ile ilikuja chupa mpya yenye kifuniko chekundu. Ilikuwa ya kuondoa ule ukoko mweupe ambao maji ya Brussels huuacha vyooni. Alhamisi, Hawa alimimina mabaki yake, pamoja na ya kifuniko chekundu, kwenye chupa kubwa, kama kawaida.

Ijumaa aliingia chooni karibu na chumba cha Madame Jeannine, bibi wa miaka tisini. Alimwaga javel. Akaongeza dawa yake.

Harufu ilipanda mara moja. Ilimkaba koo, ikamchoma macho. Alirudi nyuma akikohoa, akashika ukuta, akatoka. Mlango wa pili, Madame Jeannine naye alianza kukohoa. Wauguzi walikuja mbio, wakafungua madirisha, wakamwondoa bibi kitandani. Midomo yake ilikuwa imegeuka rangi.

"Ni mabomba," alisema Madame Lucienne. "Nimesema siku nyingi mabomba haya yatatuua. Nitamwita fundi."

Hawa alijua si mabomba. Alirudisha chupa yake kabatini, akaenda nyumbani na macho mekundu. Akamwambia Kadiri kwamba ni mafua.

Jumamosi asubuhi bado alikuwa akikohoa. Kadiri alimwonea huruma, akaingia jikoni mwenyewe. Mwanamume yule hakuwa amepika wali tangu Sumaya azaliwe. Alitumbukiza kikombe kwenye gunia, kikatoka na mchele na barua.

"Mama Sumaya," aliita, "siku hizi mchele unakuja na barua?"

Hawa alipoiona, alianza kulia. Kadiri aliacha utani papo hapo. Aliisoma barua, akaona neno *évaluation*, yaani tathmini, naye akaingiwa na hofu. Akauacha wali motoni, akashuka ghorofa ya tatu kumwita Sidonie.

Sidonie alikuwa jirani yao, mama wa Kikongo kutoka Bukavu. Alikuwa akitunza wagonjwa hospitalini. Alivaa miwani, akaisoma barua yote, mbele na nyuma.

"Bon," alisema. "Hapa hakuna mahali banasema batakufukuza. Banasema utafundishwa. Asubuhi sita, na zile saa zinalipwa kama kazi. Patron wa kazi akikupeleka formation, ile ni kazi."

"Na mtihani?" Hawa aliuliza. "Maman Sidonie, watajua sijui kusoma."

"Ni mtihani wa kufanya. *Pratique*. Utasafisha, muntu atakuangalia. Mi pia nilikuwa nettoyeuse, msafishaji kama wewe, unajua? Nilirudia masomo na miaka quarante-deux, arobaini na mbili, niko kazini. Siku ya kwanza nililia ndani ya choo. Leo niko aide-soignante." Alimtazama vizuri. "Lakini ile kukohoa si ya mafua. Macho yako yalipata nini?"

Hawa alitazama sakafu. Kisha akasema yote: mabaki, kifuniko chekundu, javel, Madame Jeannine.

Sidonie alivua miwani.

"Ile ya rouge iko na acide, maman. Acide na javel ikikutana, inatoa gaz. Ile gaz inachoma mapafu. Inaweza kuua muntu. Ile chupa iko wapi sasa?"

"Kabatini."

"Kuna muntu mwingine anaitumia?"

Hawa aliinuka. "Numbi," alisema. "Yuko kazini leo. Anaanza vyoo à onze heures, saa tano."

Wote watatu waliitazama saa ya jiko. Ilikuwa imebaki dakika kumi na mbili.

Hawa alichukua simu, akampigia Numbi. Simu iliita hadi ikakatika. Akapiga tena. Ndipo akakumbuka kwamba wasafishaji huacha simu zao kwenye makabati ya nguo. Ni amri ya Madame Lucienne.

"Piga simu ya ile nyumba ya wazee," alisema Sidonie.

"Ataipokea Madame Lucienne."

"Eee. Ni yeye utaambia."

Hawa aliishika simu kwa mikono miwili. Aliiona kazi yake ya miaka tisa ikiondoka. Alimwona baba yake uani, na lile koti ndani ya mfuko. Akamwona Numbi akipiga magoti mbele ya choo, mlango umefungwa. Kadiri alibonyeza namba kwa niaba yake.

"Madame Lucienne," Hawa alisema kwa Kifaransa, "ni mimi Hawa. Si mabomba. Ni chupa yangu. Nilichanganya. Mzuie Numbi, tafadhali, anaingia vyooni sasa hivi. Asiimwage pamoja na javel."

Upande wa pili simu iligonga meza. Hawa alisikia viatu vikikimbia, mlango ukifunguliwa, jina la Numbi likiitwa mara mbili. Wali ulianza kuungua na hakuna aliyeuangalia.

Viatu vilirudi polepole.

"Javel alikuwa ameshaimwaga," alisema Madame Lucienne, akihema. "Chupa yako alikuwa ameishika mkononi, imefunguliwa. Nenda kwa daktari leo. Jumatatu uje ofisini kwangu."

Kadiri alimpeleka kwa daktari. Mapafu yalikuwa salama. Lakini Jumapili nzima Hawa hakula. Hofu ya Numbi ilikuwa imemtoka, ya kazi ilikuwa palepale.

Jumatatu alikuta ile chupa juu ya meza ya ofisi, imefungwa ndani ya mfuko.

"Madame Jeannine anaendelea vizuri," alisema Madame Lucienne. "Numbi ni mzima. Ungekaa kimya, nisingeweza kukuambia hivyo. Ulifanya kosa la hatari. Nitaliandika, ni lazima liandikwe. Na mimi nitaandika kosa langu. Miaka tisa tumekupa chupa, na hakuna aliyekufundisha kilichomo. Barua yako ya formation umeisoma?"

Hawa alitia mkono kwenye mkoba, akaitoa. Alipoikunjua, punje tatu za mchele zilidondoka mezani.

"Sijui kusoma Kifaransa," alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema neno hilo mahali pale. Madame Lucienne aliziokota zile punje moja moja, akavuta kiti karibu naye, akamsomea barua yote.

Formation ilianza wiki iliyofuata. Mwalimu aliitwa Crispin. Asubuhi ya kwanza hakugawa karatasi. Alizipanga chupa mezani akavifunika vifuniko vyote kwa karatasi ya gundi, rangi zisionekane.

"Kifuniko ni muongo," alisema. "Kiwanda kinakibadilisha kikitaka. Angalieni picha kwenye lebo."

Hawa aliangalia. Kulikuwa na picha ya matone yanayotoboa mkono. Maana yake dawa inachoma, vaa glavu. Picha nyingine ilionyesha samaki aliyekufa. Maana yake usiimwage ovyo. Alijifunza kwamba kila dawa hubaki katika chupa yake. Alijifunza kwamba dawa mbili hazichanganywi kamwe, hata zikiwa tone. Na kama harufu inakaba, unatoka kwanza, unafungua hewa, unaita watu. Huendelei kusugua kwa ushujaa. Hapo Numbi alimtazama Hawa, nao wakacheka kidogo, ingawa halikuwa jambo la kuchekesha.

Siku ya mtihani Hawa aliogopa kama wengine. Alisafisha bafu moja mbele ya Crispin, akieleza kwa mdomo kila alichofanya.

"Na haya mabaki?" Crispin alimuuliza, akimnyooshea chupa iliyokaribia kwisha.

"Yanabaki humo humo mpaka yaishe," alisema Hawa. "Mama yangu atanisamehe."

Alipata cheti. Crispin alimwonyesha pia darasa la watu wazima la kusoma Kifaransa, naye Hawa akajiandikisha. Kadiri alitaka kukitundika cheti sebuleni. Hawa alikitia ndani ya gunia la mchele, akamwambia atakiona siku atakayopika tena.

Mwaka uliofuata alikuja msafishaji mpya, Rolande, dada wa Goma. Madame Lucienne alimpa barua ya formation. Hawa alimwona akiitazama haraka haraka, akiikunja, akiikunja tena, hadi ikawa ndogo ya kutosha kuingia ndani ya kiatu.

Hawa aliuegemeza ufagio wake ukutani.

"Dada," alisema kwa sauti ya chini, "itoe hiyo karatasi kwenye kiatu. Mimi nasoma polepole, lakini tutafika mwisho. Kaa."