Banda la Mbwa wa Shangazi

Jioni ile nilitoka nje na msumeno, nyundo na kopo la misumari. Nilimwambia mke wangu nakwenda kujenga banda la mbwa. Alinitazama, kisha akageuka kumfunika mtoto.

Mimi ni seremala. Nusu ya vitanda vya mtaa wetu vimetoka mikononi mwangu. Banda la mbwa ni kazi ya saa tatu, hata kwa mvivu. Lakini hilo nilikuwa nimelichelewesha wiki nne, na aliyeniomba alikuwa ameshazikwa.

Alikuwa shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea tangu nina miaka mitano. Tuliishi naye vizuri mpaka mtoto wetu alipoanza kubanwa kifua. Mama mkwe akaninong'oneza, "Huyo bibi anakohoa mlangoni kwa mtoto kila usiku. Wewe huoni?" Majirani nao wakatia chumvi. Mchawi, wakasema. Nikaamini... au niliona kuamini ni rahisi. Nikampangia chumba pembezoni mwa mji, na sanduku lake nikalibeba mimi mwenyewe.

Mwenye nyumba wa huko hakutaka mbwa wa shangazi alale ndani. Shangazi akaniomba jambo moja.

"Mjengee kibanda, mwanangu. Mvua ya mawe inakuja, na huyu hana pa kulala."

Nikasema kesho. Akatuma mtu kunikumbusha. Nikasema kesho.

Kisha daktari akatuuliza mtoto analala wapi. Niliporudi nyumbani nikavuta kitanda chake, nikakuta ukuta umeota ukungu mweusi toka sakafuni hadi dirishani. Nikaukwangua, nikaupaka chokaa. Baada ya siku chache mtoto akapumua vizuri.

Nilipaswa kwenda mbio kumwangukia shangazi miguuni. Niliona aibu. Nitamwambia nini? Nitamtazamaje? Siku tisa niliona aibu.

Siku ya kumi walimkuta ameketi chini ya upenu wa nyumba ile, barafu imetapakaa miguuni pake, amemkumbatia mbwa ndani ya koti lake.

Mbwa alikuwa hai.

Baada ya mazishi alikuja kwetu mwenyewe. Akalala katikati ya uwanja, mvuani. Barazani hakukanyaga, hata nilipomwita kwa mfupa. Siku tano hivyo. Jioni ya sita, upepo ukiwa mkali na wingu limeshuka mpaka juu ya mabati, nikashindwa kuvumilia.

Nilipanga matofali manne ili maji yapite chini. Juu yake nikapiga sakafu ya mbao, kisha kuta. Mlango nikauelekeza kule upepo usikotoka. Bati nikaliinamisha vizuri. Mwisho nikamimina humo gunia zima la maranda makavu kutoka karakana. Nilifanya kazi ile kwa uangalifu kuliko kabati la bwana harusi yeyote. Mbwa alinitazama muda wote.

"Haya, ingia," nikamwambia.

Nikamvuta shingoni. Akakaza miguu. Hakunguruma, hakubweka. Alijilaza nje ya kizingiti, uso ameupa uwanja, kama mlinzi wa chumba cha mtu.

Nikapitisha mkono juu yake ili nisawazishe maranda.

Yalikuwa na joto.

Si joto la jua, jua hatukuliona wiki nzima. Ni joto la kitanda chenye mtu... Halafu nikaisikia harufu. Dawa ya kuchua magoti. Niliijua, maana magoti yale nilikuwa nikiyachua mimi.

Ndani mtu akakohoa. Kikohozi kifupi, kikavu, cha mtu anayejizuia asisumbue wenzake.

"Mwanangu... toa mkono. Baridi inaingia."

Sauti haikuwa na hasira. Laiti ingekuwa na hasira!

Nilikuwa na neno moja la kusema. Neno moja tu, nisamehe. Nilitimua mbio. Niliangusha nyundo, nikaingia ndani, nikapiga komeo.

Ndiyo. Nilimfungia mlango tena.

Mke wangu alikuwa amesimama gizani, mtoto begani.

"Nani anakohoa huko nje?"

"Mbwa."

"Mbwa hakohoi hivyo."

Akanikabidhi mtoto. Akatoa blanketi letu kitandani, akafungua komeo, akatoka. Mimi nilibaki nyuma ya mlango nikisikiliza mvua. Alirudi nywele zikidondoka maji, mikono mitupu.

"Umemfunika mbwa?" nikauliza kwa kunong'ona.

"Nimempa aliyekuwemo," akasema. Akamchukua mtoto mikononi mwangu.

Asubuhi blanketi tulilikuta ndani ya banda, limekunjwa mara nne, kavu. Maranda yalikuwa yamebonyea, shimo refu kuliko mbwa yeyote niliyewahi kumwona. Mbwa mwenyewe alikuwa kizingitini, amelowa chapachapa.

Mpaka leo hajaingia. Inanyesha, yeye yuko pale pale mlangoni. Majirani, wale wale waliomwita shangazi mchawi, huniuliza imekuwaje fundi mzima nijenge banda zuri hivyo na mbwa akalala nje.

"Mkaidi tu huyo," nawajibu.

Wao hucheka. Nami hucheka pamoja nao.