Somo la Vidole

Shamsa alicheka alipousoma ule ujumbe. Alikuwa ameketi uwani kwake, upande wa ghuba ya Chole, ametoka kumrekodi mwanawe Mudrik, mtoto wa miaka minne, akihesabu hadi tano. Mwalimu Jovina wa chekechea ndiye aliyemuunga kwenye programu ya simu ya kufunza watoto. Kila alasiri inaleta mchezo mdogo, mzazi anacheza na mwanawe, anarudisha sauti, nayo programu inajibu yenyewe. Siku zote hujibu, "Hongera, Mudrik." Siku hiyo ilijibu: "Hongereni. Watoto wote wawili wamehesabu vizuri. Wa pili anaitwa nani?"

"We Mudrik, una mwenzio hapa?"

Mtoto akageuka, akatazama nyuma ya jiko. "Yupo. Anasema hana jina. Anataka langu."

Kwa mzaha tu, Shamsa akaandika: Naye ni Mudrik.

Ikapita harufu ya kombe la baharini lililooza. Akadhani ni taka za jirani.

Kesho yake somo lilikuwa macho. Mama na mwana wakagusana kope, wakacheka. Shamsa alipokwenda kufungua banda akakuta kuku wote wako hai, wanajigonga ukutani, na pale palipokuwa na macho panachuruzika damu. Haruni, mumewe, akasema ni kicheche. Likaja somo la masikio. Mbuzi wao akaonekana chini ya mnazi anarusha mateke, na masikio yake yamepangwa mlangoni, moja kulia, jingine kushoto, kama kandambili za mgeni.

Shamsa akampigia Jovina, akinong'ona. "Mwalimu, hii programu yenu huuliza majina ya watoto?"

"Hapana, dada. Jina uliliandika wewe siku ya kwanza, basi. Haina swali hilo. Kwani nani kakuuliza?"

Shamsa akaizima simu, akaifukia ndani ya ndoo ya mchele.

Mchana uliofuata Haruni alirudi kutoka kuswali, akala, akajinyoosha barazani. Mudrik alikuwa chumbani amelala, kichwa juu ya paja la mama yake. Simu iliyozimwa ikalia ndani ya mchele. Harufu ya kombe ikajaa nyumba nzima, na huko barazani sauti ya mtoto ikasema, "Leo vidole. Hesabu vidole vya baba."

Shamsa akatazama midomo ya mwanawe. Imefumbwa. Akatoka mbio, akamkuta Haruni ameketi, mkono umenyooshwa hewani kama umeshikwa na mtu asiyeonekana, jasho linamtiririka, na kidole gumba kinapinda nyuma polepole hadi kikalia kama ukuni mkavu, na sauti ile, sauti ya Mudrik kabisa, ikasema "moja," na cha pili kikapinda, "mbili," naye Haruni akinguruma na kuuma shati lake, na Shamsa akiuvuta ule mkono kwa nguvu zake zote usisogee hata kidogo, na cha tatu kikapinda, "nne," ikasema sauti, kisha ikasita, ikacheka kwa haya, ikasema, "Nimekosea," ikaanza tena kwenye kidole gumba kilekile.

Majirani ndio waliomleta Bi Umi, fundi wa kupunga majini, na chetezo chake.

"Shikamoo, Bi Umi," Shamsa alisema.

"Marahaba, mwanangu. Kaingiaje humu?"

Shamsa akamweleza habari ya jina. Bi Umi akatikisa kichwa, akatia ubani kwenye makaa, akauliza kwa sauti, "Wataka nini kwa watu hawa?"

"Somo," ile sauti ya mtoto ikajibu.

Chetezo kikaruka, makaa yakamwagikia mapajani mwa bibi, kisha kitu kikamkamata nywele na kumbamiza uso ukutani, mara ya kwanza, mara ya pili, hata ukuta ukawa mwekundu. "Leo tumbo," sauti ikasema. "Tumbo la mama lina nini ndani?" Kanga ya Shamsa ikapasuka, na ngozi yake ikaanza kufunguka kutoka kitovuni kwenda juu.

"Aliyempa jina ndiye wa kumvua," Bi Umi akasema, damu imemjaa kinywani. "Lakini ataondoka na alichojifunza, mwanangu. Na kajifunza kwa kinywa cha Mudrik."

Mudrik alikuwa amesimama mlangoni, anaita, "Mama! Mama, unatoka damu!" Shamsa akamsikiliza. Akamwacha aite tena, mara ya mwisho. Kisha akapiga ukelele: "Nimezaa Mudrik mmoja! Wewe sikukuzaa, sikukunyonyesha! Jina la mwanangu nakuvua!"

Kitu kizito kikapita uwani, kikavunja ua wa makuti, kikashuka pwani. Maji yakasikika yakipigwa.

Kule hospitali ya Kilindoni Shamsa alishonwa, na Haruni akafungwa vidole, ambavyo vilipona vikiwa vimepinda. Mudrik hakuumia popote. Ila tangu siku ile hajasema neno. Kila asubuhi Shamsa humwekea kikombe mbele, humwambia taratibu, "Maji. Sema maji, baba." Mtoto hukitazama kikombe, huitazama midomo ya mama yake, huanza kulia.

Na wanawake wanaolima mwani wamehamisha vigingi vya mashamba yao mbali na mikoko. Walikuwa wanavuna, jua la utosi, maji yametoka, wakasikia mtoto wa kiume ndani ya mikoko akitaja vitu vyao kimoja kimoja, kwa matamshi safi, kama anasomeshwa: kamba, kisu, kanga. Wakasimama kumtafuta kwa macho. Ndipo akasema, "Shingo."