Milango Mitatu, Pete Moja

Duka la vitambaa lilifurika siku ile, watu wakikanyagana utadhani nguo zinagawiwa bure. Katika vurugu hizo, mikono miwili ikashika jora moja la kitambaa cha kijani.

"Samahani kaka, nimelishika mimi kwanza." Alikuwa mwanamke mrefu, gauni la bluu limemkaa sawasawa, kilemba cha manjano kichwani.

"Umeshika mwisho wake, dada. Mwanzo ninao mimi," alijibu kijana wa upande wa pili.

"Mimi fundi makochi, mteja ananisubiri. Wewe la nini?"

"La kutandika mezani, dadu zisipige kelele."

"Kumbe mcheza kamari!"

Ikabidi kijana ajieleze. Kazi yake ilikuwa kupiga chapa, lakini nyumbani walimwita Ramani, kwani tangu utotoni alichora ngome na misitu isiyokuwepo. Sasa alivitungia michezo. Yeye husimulia: mko mbele ya ngome, geti limefungwa, mnafanya nini? Wenzake, kila mmoja na mhusika wake, hujibu wanavyotaka, na jambo likiwa gumu hurushwa dadu.

"Na nikitaka kuruka ukuta?"

"Unaruka. Au unavunjika mguu."

Fundi akacheka. "Basi kata mita mbili zako, uniachie lililobaki. Na Jumamosi nakuja kuruka huo ukuta."

Akaja. Dada yake Ramani na shemeji yake, ambao ndio waliokuwa wachezaji wake wa siku zote, walimpisha kiti. Fundi alicheza mwizi mwenye maneno matamu, akamlaghai mlinzi mpaka akapewa funguo. Ramani alikuwa amekwisha kabisa. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Shemeji ndiye aliyekuwa wa kwanza kuguna.

Simu zikafuata.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Wewe umemaliza lile pango?"

"Bado."

"Basi kata simu, uchore!" Halafu, hata chai haijapoa, Fundi anapiga mwenyewe.

Lakini Ramani alikuwa mwoga. Alitaka kumposa, na kila alipofikiria neno "hapana" aliahirisha. Ndipo akabuni ujanja, na alivyojiona hodari! Jumamosi moja alimfikisha mwizi wa Fundi kwenye ukumbi wenye milango mitatu.

"Nafungua wa kushoto," alisema Fundi.

"Kuna meza ya mawe. Juu yake sanduku dogo, na ndani kitu kinameta."

Fundi alimtazama usoni. "Naufunga. Nafungua wa kulia."

"Kuna... meza ya mawe."

Dada mtu akaanza kukohoa.

"Nafungua wa katikati."

"Sanduku," alisema Ramani, jasho likimtoka, na hapo akaweka pete ya kweli mezani.

Fundi hakutabasamu. "Kushoto pete, kulia pete, katikati pete. Hapa nimeulizwa au nimepelekwa?"

"Nilitaka uipate kwa vyovyote, mpenzi."

"Na nikiikataa? Hapo ulitunga nini?"

Ramani hakuwa ametunga kitu. Fundi akachukua mkoba wake. "Mtu anayenipangia milango mchezoni, nyumbani atanipangia nini?"

Ramani alipopiga simu, haikupokelewa. Wala kesho yake.

"Akili ni nywele, kila mtu ana zake," dada yake alimwambia bila kumbembeleza. "Mtu akichagua, chaguo lake libadilishe kitu. Kama halibadilishi, msomee kitabu tu."

Maneno yalimchoma, lakini yalimwingia. Alichana mchezo ule, akaanza upya. Safari hii hakutunga mwisho. Alitunga watu wa ngome: nani anamwogopa nani, nani ana njaa, nani amechoka kutii. Walipoucheza, shemeji aliacha upanga akaenda kumpikia mlinzi uji, na ngome nzima ikafunguliwa bila damu. Vita alivyoviandaa Ramani vikapotea bure, naye akafurahi kuliko siku zote. Akapiga moyo konde, akachukua simu.

Ikapokelewa.

"Fundi, sina mpango wowote. Nauliza tu kama naweza kuja."

"Na nikisema hapana?"

"Nitalia kidogo, halafu nitafua nguo."

Kicheko kilimponyoka Fundi. "Njoo."

Alimkuta karakanani, amevaa aproni, misumari midomoni, akivalisha kochi kitambaa cha kahawia. Ramani akakaa kwenye kiti kisicho na mto.

"Nakupenda, na nataka nikuoe. Ile milango niliijenga kwa woga, unisamehe. Ukitaka nisubiri, nasubiri. Ukikataa nitaumia, lakini nitakuwa nimekusikia."

Fundi alitema misumari kiganjani. Akapigilia mmoja, akapigilia wa pili, na Ramani, kwa shida kubwa, akamwacha amalize.

"Nakubali," alisema mwishowe. "Lakini kwako sihamii. Karakana yangu iko hapa, na juu nina vyumba viwili. Tukioana, wewe ndiye utakayehama."

Jibu la "ndiyo" Ramani alikuwa ameliwaza, la "hapana" pia. Hili halikuwahi kumpitia kichwani.

"Sikulifikiria hilo kabisa," alisema.

"Najua," alisema Fundi, macho yakimng'aa. "Ndiyo maana leo nimekujibu."

Ramani akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akauliza ngazi za kupandia juu ziko wapi.