Alichoambiwa na Huzuni

Tarumbeta ndilo lililowakutanisha. Katika msongamano wa kituo cha treni, sanduku la mpiga tarumbeta lilimgonga mhadhiri goti, vitabu vikamwagika.

"Samahani, dada. Nikubebe?"

"Nenda zako," alijibu, lakini tabasamu lilishamponyoka.

Mhadhiri alifundisha falsafa chuoni. Alivaa rangi za majivu, akiishi peke yake, na aliamini kwamba ni huzuni inayomfumbua mtu macho; furaha humfunga kitambaa. Mpiga tarumbeta alivaa mashati ya maua, akipuliza kwenye harusi za watu, na kila jioni alimpigia simu.

"Profesa wangu, leo umehuzunika vya kutosha?"

"Bado. Unaniharibia kazi."

"Basi njoo nikuharibie zaidi, mpenzi."

Mhadhiri akanawiri, akaanza kuimba bafuni. Kitabu alichokuwa akiandika juu ya huzuni kikakwama. Hapo hofu ikamwingia: isije ikawa anapumbazwa. Siku moja, chakula kikipoa mezani, akamwambia:

"Nikiwa nawe sioni kitu. Niache kwanza."

"Unataka kuona nini?"

"Ukweli."

Yule bwana alivaa viatu vyake bila utani wowote.

Kitabu kilikwisha. Nyumba ikawa kimya hata friji ikasikika ikinguruma. Mhadhiri alikaa na huzuni yake akisubiri ukweli, naye akaonyeshwa sura yake mwenyewe tu, asubuhi na jioni. Yote aliyoyajua juu ya mtu mwingine, kwamba hulalia ubavu wa kushoto, kwamba hukuna sikio akidanganya, aliyajua wakicheka pamoja. Akapiga simu.

"Nilikosea, mpenzi. Furaha nayo inafundisha. Rudi."

"Ungeniita mapema ningekuja mbio, hata peku," mpiga tarumbeta akasema. "Lakini nami nilikaa na huzuni, kama ulivyokuwa ukisema. Ikaniambia jambo."

"Lipi?"

"Kwamba nilikuwa nakuchekesha ili usinifukuze. Tangu siku ya kwanza. Nimechoka kuchekesha kwa hofu."

Mhadhiri alitaka kubisha. Kubisha ndiyo kazi yake.

"Sikuliona hilo," alisema.

"Najua." Sauti yake ilikuwa ya upole. "Ulikuwa unacheka."

Wakaagana taratibu, kila mmoja akimsubiri mwenzake akate simu.